Jinsi ya Kupata Kinywaji Kizuri Katuba

Mnywaji aliyezoea bia zinazopikwa kidogo kidogo, za Bateleur au Brew Bistro kule Nairobi, akifika Lubumbashi huuliza kiwanda kidogo cha bia kiko wapi. Angekuwa Kigali angeelekezwa Kweza, kinachoendeshwa na wanawake. Kampala angepelekwa Banange, na Dar es Salaam angetajiwa Crafty Dee's. Lubumbashi ataonyeshwa Brasimba, kiwanda kikubwa ambacho bia zake zimejaa Katanga nzima. Aking'ang'ania kwamba anataka kitu kilichopikwa na mtu anayeweza kusalimiana naye, ataambiwa apite Kamalondo, apite Kenya (Kenya ya hapa ni wilaya ya mji, si nchi), aingie Katuba, kisha aulize kwa akina mama.

Aende. Ila ajue kwamba Katuba haitangazi vinywaji vyake. Hakuna kibao kinachosema munkoyo wa leo (kinywaji cha mahindi na mizizi) uko kwa nani, na terasi nyingi, yaani baa za nje, zinafanana: viti vya plastiki, turubai lenye nembo ya bia, spika kubwa inayotazama barabarani. Anayechagua kwa kutupa jicho tu huishia kwenye chupa iliyokaa juani tangu wiki iliyopita, kisha huondoka akisema Lubumbashi hakuna bia. Kumbe ipo, na siri yake ni moja: hapa kinywaji bora ni kile ambacho hakijasafiri wala kungoja. Bia za Simba na Tembo hupikwa mjini humu humu. Munkoyo hupikwa uani jioni, ukanywewa kesho yake. Kazi ya mgeni ni kufupisha njia kati ya chungu na kikombe.

Kwanza mahali penyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba, na kwa nusu karne ukapangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu katikati, Waafrika kwenye "cité" zao, na kati yao ardhi iliyoachwa wazi makusudi. Kamalondo ilitangulia, Kenya ikafuata. Katuba ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, migodi, reli na viwanda vilipokuwa vinavuta watu kutoka Kasai, Luapula na kila pembe ya Katanga. Ramani ya wakati ule bado inaonekana. Barabara zimenyooka, na kila nyumba imekaa ndani ya parseli yake yenye ua, mwembe au mparachichi, na jiko la nje. Ua huo ndio kiwanda, na mara nyingi ndio baa. Vitongoji vina majina ya maziwa, mito na miji ya Katanga, kama Upemba, Kisale, Lufira na Bukama. Shika jina la kitongoji pamoja na la barabara, maana dereva atakuuliza yote mawili.

Chupa ndiyo rahisi, basi ianze. Brasimba, kwa kirefu Brasseries Simba, ina mizizi yake katika miaka ya 1920, ilipokuwa ikiitwa Brasseries du Katanga; leo iko chini ya kundi la Castel la Ufaransa. Bia zake mbili zinazoubeba mji ni Simba, ya rangi ya dhahabu, nyepesi, ya kukata kiu, na Tembo, ya kahawia iliyokolea, yenye utamu wa kimea kilichokaangwa. Mkenya hushangaa kidogo hapo, kwa kuwa tembo wake yeye, yule wa Tusker, amekaa juu ya bia ya dhahabu tangu enzi za mababu.

Kwa anayetafuta ladha, Tembo ndiyo ya kuagiza. Simba ni bia ya mchana wa Oktoba, joto likiwa limebana kabla ya mvua, na katika saa hiyo haina mpinzani. Lakini ina ndugu wengi wanaofanana naye kutoka Dakar hadi Dar. Tembo haina. Primus ya Bralima, kampuni iliyozaliwa Kinshasa, nayo ipo na ina watu wake, ila hakuna sababu ya kuja mpaka Katuba kuinywa.

Terasi ipi sasa? Acha kutazama turubai, tazama makasie, yaani kreti za chupa. Lori la bia likija hushusha makasie yaliyojaa na kupakia vidanji, yaani chupa tupu, kwani chupa ina thamani yake na asiye na vidanji vya kurudisha hulazimika kuilipia. Kwa hiyo vidanji vilivyopangwa ukutani vinasema mengi. Vikiwa vingi asubuhi ya Jumatatu, ujue mwisho wa wiki bia ilitoka kwa kasi, na iliyobaki ndani si ya zamani. Makasie yaliyojaa yakiwa na vumbi juu, na vidanji ni vinne vitano tu, hapo bia inalala. Salimia, upite.

Ukishakaa, omba chupa uishike kabla haijafunguliwa. Hakuna atakayekasirika, wanywaji wa hapa hufanya hivyo hivyo. Soma tarehe. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kizibo: kutu pale ina maana chupa ilikaa siku nyingi ndani ya maji ya barafu au ilinyeshewa. Lebo iliyopauka upande mmoja ni ushahidi wa jua, na jua huharibu bia kuliko watu wanavyodhani. Mwanga hupasua viambato vichungu vinavyotokana na maua ya hopsi, na kinachozaliwa ni kemikali yenye salfa inayonuka kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, isiyo na rangi haizuii chochote. Ndiyo maana kasie lililowekwa nje ili lipendeze macho ya wapita njia ndilo la mwisho kuchukulia bia, hasa likiwa na chupa za kijani.

Baridi nayo ina mambo yake. Umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, hukatika, wakati mwingine mchana kutwa, na wenye terasi makini hujipanga: wapo wenye jenereta, wapo wanaonunua barafu, wapo wanaopokea makasie machache kila siku badala ya kujaza stoo. Muulize mhudumu waziwazi, "Yaya, umeme ulikatika leo?" (Yaya wa hapa ni kaka au dada mkubwa.) Akicheka, umepata jibu. Usiogope sana chupa iliyopoa, ikapata joto, ikapozwa tena. Kinachoiharibu bia ni wiki nyingi za joto, ambazo huiachia ladha ya karatasi iliyolowa. Tembo kwa upande wake haitaki baridi kali. Ikitoka kwenye friji iache mezani kama dakika kumi, ndipo kimea kianze kusikika. Jirani atadhani huna haraka ya kunywa, na atakuwa amekosea.

Chupa ifunguliwe mbele yako, kila mara. Mhudumu akishaifungua hurudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa, bila kukibana, ili nzi wasiingie. Fanya vivyo hivyo kila baada ya kumimina. Wengine humimina bia kidogo kwenye glasi, huizungusha na kuimwaga chini kabla ya kunywa. Ni kuosha glasi, na kwa wazee ni zaidi ya kuosha. Chupa za Congo ni kubwa, kwa hiyo mbili kati ya watu watatu ni mwanzo wa heshima. Akikununulia mtu, usikimbilie kurudisha papo hapo kana kwamba unalipa deni. Ngoja ile mliyo nayo ikaribie kwisha, ndipo uite nyingine.

Lipa kwa faranga, na uwe na noti ndogo. Dola zinakubalika karibu kila mahali, lakini noti ya dola yenye mchaniko, hata wa kucha moja, itarudishwa mezani bila maelezo.

Wakati wa kwenda nao una hesabu yake. Mji huu unaishi kwa mishahara ya migodi, reli na serikali, hivyo siku za mwisho wa mwezi terasi hujaa, bia hutoka upesi na ni mpya, ila kelele hazikuruhusu kuzungumza na mtu. Wiki ya tatu ya mwezi ndiyo tulivu, lakini hapo ukaguzi wa makasie uwe mkali zaidi. Kuna pia siku za mpira. TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, wana uwanja wao Kamalondo, uliofunguliwa 2011. Saint-Éloi Lupopo, mahasimu wao wa jadi, nao hawakosi watu wa kuwatetea Katuba. Siku wakikutana wawili hao, kaa kwenye terasi mapema, na kabla ya kushangilia bao tazama kwanza walioketi karibu nawe wamevaa rangi gani.

Njaa ikiuma, fuata moshi wa michopo. Ni nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makaa, ikakatwa vipande mbele yako na kuletwa na kitunguu, chumvi na pilipili ya kusaga pembeni. Chagua kipande kikiwa kibichi au kikiwa bado motoni, kubaliana bei kabla ya kisu kushuka, na uombe mafuta yasitolewe yote. Tembo na mafuta ya mbuzi vinaelewana. Anayetaka kushiba kweli aagize bukari (ugali) na sombe (kisamvu) au kapenta (dagaa). Ukikuta mama anauza kikanda, mkate mwekundu uliokazwa wa viazi vya okidi ya mwituni na karanga, nunua vipande viwili vitatu vya kusindikizia kinywaji. Ni chakula cha Zambia na Katanga, na si rahisi kukipata Mombasa wala Mwanza.

Mpaka hapo ni bia ya kiwandani, ambayo ukiwa na macho mazuri utaipata bila mwenyeji. Kilichobaki kinahitaji watu.

Munkoyo huanzia kwenye mizizi. Mimea yake ni ya jamii ya kunde, hasa ya jenasi Rhynchosia na Eminia, inayoota porini upande wa Congo na upande wa Zambia. Mizizi huchimbwa, hukaushwa, hufungwa mafungu na kuletwa sokoni. Jioni mama hupika uji wa mahindi kwenye sufuria kubwa, moto ukiwaka ndani ya mbabula, yaani jiko la makaa, mpaka unga uive kabisa. Anauepua. Anaungoja upoe, lakini usipoe sana: kidole kiweze kuvumilia kidogo tu. Kisha anatumbukiza mizizi iliyopondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi.

Hapo ndipo pa kutazama. Uji uliokuwa unaganda kwenye mwiko na kudondoka kwa mafundo unaanza kulegea. Mama anakoroga, anauinua mwiko, anautazama. Safari hii uji unashuka kwa mkondo mwembamba, na mwiko unabaki karibu safi. Hakuna tone la maji lililoongezwa. Vimeng'enya vilivyomo kwenye mizizi vimekata wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ileile ambayo kiwandani hufanywa na kimea cha shayiri ndani ya mapipa ya chuma. Mpishi wa bia aliyesomea Ubelgiji angeutambua mchakato huo mara moja, hata kama asingeitambua mizizi.

Usiku kucha bakteria wa aina ya wale wanaogandisha maziwa huanza kazi yao. Kesho yake, baada ya kuchujwa, munkoyo ni mtamu, una uchachu kidogo na harufu ya mizizi inayokumbusha udongo uliolowa mvua. Kilevi chake ni kidogo mno: watoto hunywa, walokole hunywa, na harusini hukaa meza moja na soda. Siku ya pili uchachu hupanda na povu jembamba hutokea juu. Siku ya tatu ni kinywaji kingine, kikali zaidi, na wapo wanaongoja hiyo tu. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mpishi si bei. Uliza, "Mama, ni wa siku ngapi?"

Mpishi mwenyewe hupatikanaje? Njia ya mkato ni wauza mizizi. Nenda soko la Katuba, au soko la Kenya, asubuhi kabla jua halijakaza, utafute meza zenye mafungu ya mizizi ya kahawia karibu na wauza unga na dawa za asili. Nunua fungu dogo hata kama huna pa kulipika, kisha uliza ni nani anayenunua mengi. Muuzaji anawajua wateja wake wote, na anayenunua mizizi kila juma ndiye anayepika kila juma. Utatajiwa barabara, rangi ya lango, pengine jina la mtoto wa kwanza wa nyumba. Njia hiyo inashinda kuwauliza vijana wa terasi, ambao watakupeleka kwa shangazi yao, awe anajua kupika au hajui.

Ukifika langoni piga hodi, ngoja ukaribishwe, usichungulie. "Jambo yenu" ndiyo salamu ikiwa wapo wengi. Mwenye nyumba ni mama, mume wake ni papa, mwenye mvi ni muzee. Eleza nani amekuelekeza. Mara nyingi utapewa kikombe cha kuonja kabla ya neno lolote la fedha, na si adabu kukikataa. Onja taratibu, usifu kama kinastahili (neno la hapa ni "bulongo"), ndipo utaje kiasi unachotaka. Uje na bidoni (dumu) lako safi. Kuhusu maji usione haya kuuliza. Uji umechemshwa muda mrefu, lakini kuna wanaozimua munkoyo ulionenepa kwa maji ya baridi mwishoni, na hayo ndiyo ya kuulizia yametoka wapi.

Munkoyo mzuri una utelezi kidogo mdomoni na hautengani upesi kwenye kikombe. Ukionja ukakuta utamu mkali usio na uchachu wowote, kuna sukari ya dukani ndani yake, na hiyo ni dalili kwamba mizizi ilikuwa michache. Si sumu. Ni uvivu tu.

Mwenye kutaka kilevi hasa ataulizia kibuku. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua Chibuku ya viwandani, iliyoanzia Zambia miaka ya 1950 ikasambaa kusini na mashariki mwa Afrika. Kibuku ya uani ni ya ukoo huo, bila pakiti. Nafaka, iwe mahindi, mtama au ulezi, hulowekwa, huachwa ichipue, huanikwa na kusagwa. Kimea hicho hutiwa kwenye uji uliopoa, na kinywaji huachwa kichachuke siku mbili tatu. Aliyekunywa mbege Moshi au busaa Kakamega hatapotea: ni pombe nzito, yenye chenga, chachu, inayoshibisha. Tofauti na mbege ni kwamba hapa hakuna ndizi wala ule uchungu wa gome la msesewa, hivyo uchachu wa nafaka unabaki peke yake mbele.

Kibuku ina saa zake, na saa hizo ni chache. Inywe ikiwa bado inachemka yenyewe, viputo vikipanda na kupasuka juu ya chenga. Ikishatulia kabisa, maji yakajitenga juu na unga ukakaa chini, siku yake imepita, na tumbo lako litakuambia kabla ya usiku wa manane. Hunywewa kwa zamu kutoka kikombe kimoja kikubwa. Anayeanza ni aliyenunua au aliye mkubwa kwa umri, na kikombe hakiwekwi chini mpaka kizunguke. Asiyependa kushiriki kikombe aje na chake mapema na akitoe bila maneno mengi. Hakuna atakayemshangaa siku hizi.

Pombe ya nafaka imebeba watu wengi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, katika kitabu chake cha 1939 juu ya Wabemba wa upande wa Zambia, aliieleza pombe ya ulezi kuwa sehemu ya kazi, ukarimu na heshima, na watu wa upande huo walihamia Lubumbashi na maarifa yao. Katika kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, wake wa wachimbaji walipika na kuuza, na wakubwa wa kambi wakawasaka kwa kufanya hivyo, huku bia ya kiwandani ikiuzwa bila wasiwasi. Baadaye Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, ilipoporomoka katika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kazi katika miaka ya 2003 na 2004 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, biashara ndogo za wanawake ndizo zilizoweka bukari mezani nyumba nyingi. Mgeni anayesimama uani kupunguza bei ya kikombe kwa faranga chache ajue anapunguza nini.

Kuhusu lutuku, mwongozo huu una neno moja: acha. Ni pombe ya kukenekwa, ya mahindi au mihogo, na mnywaji hana namna ya kujua kilichokuwemo ndani ya pipa au bomba lililotumika. Wenyeji waliokunywa miaka yote wanamjua mpishi wao; wewe humjui.

Anayependa kujua wasanii wanazionaje baa za huku asome Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Riwaya hiyo ya 2014, iliyoandikwa kwa Kifaransa, imewekwa sehemu kubwa ndani ya baa ya mji wa migodi, yenye wachimbaji, wanafunzi, watalii na matapeli. Ni ya kubuni na imetiwa chumvi kwa makusudi. Terasi ya Katuba jioni ya kawaida ni ya utulivu zaidi, ina mabishano ya mpira na watu wanaouliza mtoto wa nani amefaulu mtihani. Muziki, ukibahatika, utakuwa karindula: banjo kubwa ajabu iliyoundwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, inayopigwa na mtu akiwa amekaa juu yake au kando yake, na wenzake wakiitikia kwa ngoma na nyimbo ndefu. Kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa mwaka 2011 rekodi za karindula zilizofanyika Lubumbashi, kwa hiyo unaweza kulizoesha sikio kabla ya kusafiri. Ukikutana na kikundi barabarani kinapiga, uliza kwanza ni sherehe au ni msiba, kwa kuwa hupigwa kwenye yote mawili.

Msimu hubadilisha kila kitu. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Watu husogea karibu na mbabula, na munkoyo huchelewa kuchachuka: wa siku mbili wakati huo una utamu wa ule wa siku moja. Septemba na Oktoba mambo hugeuka, na wa jana unaweza kuwa mkali leo mchana. Mvua ikianza, Novemba hadi Machi au Aprili, barabara nyingi za ndani ya Katuba hugeuka tope, na teksi hukataa kuingia. Vaa viatu unavyoweza kuviosha, shuka kwenye lami, malizia kwa miguu.

Kwa mwenye siku moja tu, mpangilio ni huu. Asubuhi aende sokoni kwa wauza mizizi na apate jina. Saa tisa alasiri awe uani anakunywa munkoyo, na akae muda wa kutosha kusikia habari za nyumba. Saa kumi na moja aanze kutembea akikagua makasie, achague terasi yenye michopo karibu, aagize Tembo. Kibuku aiache kwa siku nyingine, kwa sababu haichanganyiki vizuri na bia na haipendi mtu mwenye haraka. Picha asipige bila kuomba, na karibu na majengo ya serikali au askari asipige kabisa. Dereva wa kumrudisha apangwe mapema, akiwa mtu aliyependekezwa na mwenye terasi au mwenye hoteli, kwa bei iliyokubaliwa jua likiwa bado juu. Gizani bei hupanda, na pikipiki baada ya chupa tatu si usafiri wa kumshauri mtu.

Wanaoendelea na safari kuelekea Likasi au Kolwezi hupenda kubeba munkoyo. Inawezekana, kwa masharti. Uwe wa siku ya kwanza, uliochujwa mara mbili. Bidoni lijazwe robo tatu, liwekwe kwenye kivuli, miguuni, na si kwenye buti la gari. Kizibo kifungwe nusu tu na kilegezwe kila gari linaposimama, kwa sababu munkoyo hauachi kuchachuka kwa kuwa umepanda basi. Anayelikaza bidoni kwa nguvu Lubumbashi atalifungua mwenyewe, au litajifungua lenyewe, na kondakta atataka kujua ni nani wa kulipia viti.